Kosa la mbao si lazima lifichwe

Wengi wanaojifunza useremala huamini kwamba mbao ikipasuka, au tundu likitobolewa mahali pasipo pake, dawa ni kuchanganya vumbi la msumeno na gundi, kuziba, kisha kupiga msasa. Si kweli. Gundi iliyokauka hainywi rangi wala vanishi kama mbao inavyonywa, kwa hiyo ukishapaka, kiraka hujitokeza kama doa. Ulichotaka kuficha ndicho jicho linachokiona kwanza.

Afadhali ukionyeshe kwa makusudi. Chukua ufa kwenye uso wa meza. Kata kipande cha mbao ngumu chenye umbo la kipepeo, kiuno chembamba na mabawa mapana. Kilaze kiuno juu ya ufa, kichore pembeni kwa ncha ya kisu, chimba kwa patasi ndani ya mstari huo, kisha kigongee humo na gundi. Nyuzi za kipande hicho zipite kukingama na ufa, zisiufuate; zikiufuata, kiuno huvunjika kirahisi. Mpingo juu ya mbao nyekundu hupendeza mno, na mabawa yale huzuia ufa usizidi kufunguka. George Nakashima, seremala wa Marekani (1905–1990), alijulikana sana kwa viungo hivi, na aliviacha vionekane.

Tundu lililokosewa? Liwekee kigingi cha rangi tofauti, kisha toboa jingine upande wa pili ulifanyie vivyo hivyo, yaonekane kama pambo.

Lakini kiungo kilicholegea kwenye mguu wa kiti si pambo. Kifungue ukitengeneze upya, maana hapo atakaa mtu.