Tairi Kubwa, Ekseli Ileile: Tunayoambiana Gereji na Ukweli Wake

Mvua za masika zikikaribia, mazungumzo ya gereji hapa Arusha hubadilika. Wenye Land Cruiser na Defender za kubeba wageni huanza kuulizia matairi makubwa yenye meno marefu, na swali la kwanza ni lilelile: "Fundi, yataingia?" Fundi anapima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na madigadi, anakata usukani kulia na kushoto, anajibu: "Yanaingia, bosi." Mazungumzo yanaishia hapo. Ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu ya kulia na kushoto na kuyazungusha, haikutajwa na mtu yeyote.

Nimelala chini ya magari haya kwa miaka mingi, nikitoa vipande viwili vya chuma mahali palipopaswa kuwa na kimoja. Mara nyingi chanzo si ubaya wa chuma. Ni maneno ambayo mtu aliambiwa kabla ya kutoa pesa yake.

"Tairi lisipogusa, kazi imekwisha"

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Chukua tairi la 235/85R16, saizi ya kawaida kwa magari mengi ya kazi. Kipenyo chake ni karibu milimita 806. Liondoe, weka 315/75R16, lile linaloitwa tairi la inchi 35: karibu milimita 879. Tofauti ni milimita 73, upana wa vidole vinne tu.

Sasa kumbuka unavyofungua nati iliyoganda: unachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu, na nati inalegea au boliti inakatika. Tairi ni bomba hilo. Ardhi inashika mwisho wake, na hafushafti, ile shafti inayopeleka mzunguko kutoka difu (boksi la gia katikati ya ekseli) hadi gurudumu, ndiyo boliti. Kwa mabadiliko haya mkono umerefuka kwa asilimia 9, kwa hiyo tairi lililong'ang'ania mwamba linaweza kuisokota shafti kwa asilimia 9 zaidi kabla halijateleza.

Kuna watakaosema asilimia 9 ni ndogo, nami nakubali. Ingekuwa ni hizo tu, nisingeandika. Kinachovunja hasa ni mshtuko. Tairi kubwa linaweza kuongeza kilo kumi au zaidi kwa gurudumu moja, tena uzito huo umekaa pembeni, mbali na kitovu. Gurudumu limeninginia hewani linazunguka kwa kasi, dereva amekanyaga mafuta, halafu linatua ghafla kwenye jiwe kavu. Kasi yote ile inalazimika kusimama kwa mara moja, na inaishia ndani ya hafushafti au jointi. Kuna hali mbaya zaidi: tairi likibanwa kati ya mawe mawili, haliwezi tena kuteleza na kuiokoa shafti. Nguvu yote ya gia ndogo, ile ya kutambaa, inaishia kwenye chuma.

Breki nazo zimeingia kwenye hesabu hiyohiyo. Pedi zilezile zinashika gurudumu refu zaidi na zito zaidi, na gari linachelewa kusimama. Jambo hili linanisumbua kuliko shafti iliyokatika, kwa sababu shafti hukatika porini kwenye mwendo wa kutambaa, ila breki utazihitaji ukishuka mteremko wa Ngorongoro umebeba watu saba.

"Nimeinua gari, kwa hiyo difu haitagonga"

Springi ndefu huinua chesi na bodi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani bomba moja gumu toka gurudumu hadi gurudumu, ekseli inakaa palepale kati ya magurudumu, na difu inabaki kwenye kimo chake cha jana. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na linaiinua kwa nusu ya nyongeza ya kipenyo. Zile milimita 73 zinakupa kama 36 chini ya difu. Kuinua gari kunatoa nafasi ya tairi kuingia, basi. Kukizidi, pembe za propela, shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu, zinakuwa kali na usukani wa mbele unaanza kutangatanga barabarani.

"Weka shafti ngumu, utasahau habari ya kuvunja"

Hapa pana ukweli, ila umekatwa nusu. Uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa hukua haraka sana kuliko unene wake, kwa sababu kipenyo kinahesabiwa mara tatu: kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo. Mfano mzuri uko Marekani kwa wenye Jeep. Shafti ya meno 30 (meno yaliyo mwishoni mwake, yanayoingia kwenye difu) ya ekseli ya Dana 44 ina unene wa inchi 1.31, na ile ya meno 35 ya Dana 60 ina inchi 1.5. Tofauti haifiki hata milimita 5, lakini kwa chuma cha aina moja ile nene inabeba msokoto mara moja na nusu.

Wenye Land Rover wamelijua hili kwa maumivu. Defender za zamani zilikuwa na hafushafti za meno 10, na meno yale machache ndiyo yaliyokuwa yakikatika. Zilizofuata zikaja na meno 24. Nyuma ya Defender 110, kwa miaka mingi, ilifungwa ekseli ya Salisbury, ambayo muundo wake una undugu na Dana 60 hiyohiyo. Ndiyo maana mafundi wa zamani hapa wakiiona wanaiheshimu.

Lakini ukiimarisha shafti, udhaifu hauondoki garini. Unahama. Unakwenda kwenye jointi za mbele, au flenji ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), au krauni na pinioni, gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu. Land Cruiser za 78 na 79 zilizotoka 1999 na kuendelea zina krauni ya inchi 8 mbele na ya inchi 9.5 nyuma. Mtu anayeweka mbele shafti za kromoli, chuma kigumu zaidi, akakata usukani hadi mwisho kwenye mawe na kukanyaga mafuta, anaipima jointi ya Birfield, ile inayozungusha gurudumu la mbele huku likikata kona, mahali inapokuwa dhaifu kuliko popote. Jointi ikihimili, zamu ni ya krauni ile ndogo.

Mimi kwa upande wangu naona afadhali ikatike hafushafti. Kwenye ekseli ya nyuma ambayo habu ndiyo inabeba uzito wa gari, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unafungua boliti za flenji, unaivuta nje bila hata kupandisha jeki, unavua kipande kilichobaki ndani, unaweka ya akiba. Ni kazi ya kivuli cha mti mmoja. Krauni ikivunjika, vipande vya chuma vinasambaa kwenye oili na kula beringi zote, na kuipanga upya kunataka geji ya kupima hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Kazi hiyo hufanyi porini.

Na tafadhali, hafushafti iliyokatika haichomelewi. Najua inafanyika, na najua mtu yuko mbali na duka. Chuma kile kilipata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa mpango. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo pembeni mwa kiungo, na shafti itakatika tena palepale. Kwenye ekseli ambayo shafti yenyewe inabeba uzito, gurudumu linaweza kutoka nayo barabarani.

"Badilisha difu ya nyuma tu, ya mbele huitumii sana"

Hii niliikuta kwenye gari lililoletwa likilia kama linakufa. Mwenyewe alikuwa ameshauriwa hivyo mahali pengine, ili aokoe pesa.

Tairi likikua, gari linakuwa kama limeongezewa gia ya juu: linakosa nguvu mlimani, klachi inateseka. Dawa yake ni kubadili uwiano wa krauni na pinioni. Hesabu ni nyepesi. Kama gari lilikuwa na 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, zidisha kwa kipenyo kipya, gawanya kwa cha zamani: 4.11 mara 879 gawanya 806, unapata karibu 4.48. Seti inayokaribia ni 4.56, yaani krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 9. Wengi hurukia 4.88, meno 39 kwa 8, wakidhani namba kubwa ni nguvu zaidi. Injini itachangamka, kweli, ila ndani ya krauni ya ukubwa uleule pinioni imepungua unene. Umejipunguzia chuma mahali ulipoongeza mzigo.

Mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukiingiza fowili, yaani ekseli zote mbili zikivuta, huku nyuma ni 4.56 na mbele 4.11, propela mbili zinaamuru magurudumu yaende mwendo tofauti. Kwenye tope matairi yatateleza na kulificha kosa. Kwenye ardhi kavu hayatelezi, na kitakachoachia ni gia, mnyororo au jointi.

Usipobadili uwiano, spidomita nayo itakudanganya: ikisoma 80, unakwenda karibu 87.

"Speso ni njia ya mkato tu, haina madhara"

Speso, kipande kinachofungwa kati ya habu na rimu, au rimu iliyotokeza sana nje, inalisogeza tairi mbali na beringi za habu. Uzito uleule sasa unaning'inia mbali zaidi, na beringi zinabeba mambo mawili: uzito na kupindishwa. Yule mwenye Land Cruiser ya V8 ya kuanzia 2007, ambayo ekseli yake ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele, namwelewa akitaka kuzilinganisha ili tairi la nyuma lifuate njia ya la mbele mchangani. Basi afunge speso nzuri inayokaa barabara kwenye habu, na abane nati tena baada ya kilomita chache.

Difu loki, zinazofunga difu ili magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, hazina hatia zinayobebeshwa. Zinamruhusu dereva kutambaa badala ya kuruka, na hilo linaokoa vyuma. Ila ukizifunga na gurudumu moja tu limeshika ardhi, msokoto wote wa ekseli unapita kwenye shafti moja, badala ya kugawanywa nusu kwa nusu.

"Magari ya mashindano yanafunga tairi kubwa na ekseli nene, kwa nini mimi nisifunge?"

Watu hunionyesha picha za Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Nayaheshimu sana magari yale. Lakini lile ni gari la saa kumi za siku moja, linalotafuta njia fupi kupita zote kati ya vituo, lenye watu wa kuliongoza kwa miguu. Gari la mteja wangu linakwenda Serengeti na kurudi kila wiki, kilomita mamia za barabara yenye mawimbi kama bati, na likivunjika wageni wanalala njiani. Ekseli nene ni nzito, springi na shokapu zinateseka kuituliza, na difu yake kubwa inashuka chini zaidi, ikila sehemu ya ule urefu ulioununua kwa tairi.

Mteja wa mwisho kuniuliza swali hili tulikaa naye kwenye benchi na karatasi. Alikuja akitaka inchi 35. Aliondoka na 285/75R16, milimita 834, uwiano wake uleule wa 4.11, beringi mpya za habu, sili mpya za mbele na pedi mpya za breki. Chini ya difu ameongeza milimita 14. Kwenye boksi la nyuma tulimfungia hafushafti mbili za akiba, kulia na kushoto, zimepakwa grisi na kuviringishwa kwenye gunia, kisha akaelekea Ndutu.