Pua Yako Haijaziba: Dhana Potofu Kuhusu Kusikia Harufu

“Daktari, nizibulie pua, sisikii harufu.” Wagonjwa wa kliniki ya masikio, pua na koo huingia mlangoni na maneno haya, na wengi huwa wameshajaribu kujizibua wenyewe kwa kila njia: matone ya pua ya duka la dawa, mafuta ya mentholi, nyungu ya mwarobaini na mchaichai mpaka ngozi ya uso imebabuka. Bado hawasikii kitu. Na kwa njia hizo hawatasikia, kwa sababu wengi wao pua haijaziba hata kidogo.

Dhana: Nisiposikia harufu, pua imeziba

Mgonjwa wa namna hiyo naanza naye na kijiko cha chuma. Afunge mdomo, apumulie puani juu ya kijiko. Ukungu unatanda sawa, kulia na kushoto, maana yake hewa inapita. Kisha anafumba macho, nasogeza karafuu zilizopondwa chini ya pua yake. Kimya. Ganda la limau, kimya. Mwisho nasogeza pamba yenye amonia kidogo, na hapo anarusha kichwa nyuma, machozi yanamlengalenga. “Hiyo nimeisikia!” Hapana, mama, hiyo imekuchoma. Mchomo wa amonia hubebwa na neva ya tano ya kichwa, trijemina, hiyo hiyo inayobeba ukali wa pilipili. Harufu ina neva yake, neva ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyonyamaza.

Seli za kunusa zimekaa juu kabisa ndani ya pua, katikati ya macho, kwenye eneo la sentimita chache tu za mraba. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu, na kwa kawaida kila seli hubeba aina moja tu. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Nyuzi za seli hizo hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia kwenye kinundu cha kunusa, chini ya ubongo wa mbele. Zote zenye kipokezi cha aina moja hukutana mahali pamoja humo. Kahawa iliyokaangwa hutoa mamia ya kemikali, kila moja ikiamsha kundi lake la vipokezi, nao ubongo hupokea mchanganyiko mzima kwa mkupuo, kama mpenzi wa taarab anavyoutambua wimbo bila kuhesabu ala. Kutoka kwenye kinundu, taarifa hufika kwenye korteksi ya kunusa, sehemu ya ubongo inayotambua harufu, na amigdala, kituo cha hisia za moyoni, bila kupitia kwanza thalamasi, kituo kinachopokea taarifa za milango mingine ya fahamu. Ndiyo maana udi wa nyumba ya bibi hukushika moyo kabla hujakumbuka umeusikia wapi.

Njia hiyo yote inaweza kukatika huku pua ikiwa wazi kabisa. Virusi vya Korona vilishambulia hasa seli saidizi zinazozilea seli za kunusa, na seli za kunusa zikadhoofika kwa kukosa walezi. Mafua mengine makali pia huweza kuziumiza. Ajali ya bodaboda ni habari nyingine: kichwa kinapigwa, ubongo unayumba ndani ya fuvu, na nyuzi zile nyembamba zinakatika pale zinapopenya mfupa. Aliyeumia kichwa kisha akatokwa na majimaji meupe kama maji puani asiambiwe ana mafua. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo, akimbizwe hospitali.

Sasa niambie, nyungu itaunganisha neva gani? Mvuke hulainisha kamasi, basi. Matone ya kuzibua pua ni mabaya zaidi yakitumiwa ovyo: ukipitisha kama wiki moja, mishipa ya pua inayazoea, na kila yakikwisha nguvu pua inavimba kuliko mwanzo. Mtu aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili. Na mentholi haipanui pua. Inaamsha kipokezi cha ubaridi, ubongo ukadhani hewa inaingia kwa wingi.

Wapo ambao kweli wameziba: wenye mzio, wenye polipu (vinyama laini vinavyoota ndani ya pua), wenye sainasi sugu. Kwa kawaida hao harufu huja na kuondoka, na wengi husaidiwa na dawa ya kupuliza yenye steroidi. Aliyepoteza harufu ghafla baada ya homa, huku anapumua vizuri, si wa kundi hilo.

Huyo namwambia akafanye mazoezi ya kunusa, na nitaendelea kusema hivyo hata anikunjie uso kwa kuwa sikumwandikia dawa. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya mazoezi hayo mwaka 2009. Walitumia harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Karafuu! Zipo kila soko la Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, hakuna haja ya kuagiza kifurushi ng'ambo. Ponda karafuu chache, weka kwenye kichupa chenye kifuniko. Weka marashi ya waridi kwenye pamba, ganda bichi la limau, na tone la mafuta ya mkaratusi. Nusa kila kimoja kwa sekunde kama 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Usiweke mafuta ndani ya pua. Unaponusa karafuu, iwaze karafuu: ikumbuke kwenye pilau, kwenye chai. Seli za kunusa zina kipawa ambacho neva nyingi hazina, huzaliwa upya kutoka seli za msingi zilizo chini yake, lakini zikifika kwenye kinundu lazima zipate kituo sahihi. Si kila mtu hupona, ila anayenusa kila siku ana nafasi nzuri kuliko anayesubiri.

Katikati ya safari hiyo kahawa inaweza kunuka uvundo, na kitunguu cha kukaanga kama kitu kilichooza. Usikate tamaa. Mara nyingi ni dalili kwamba nyuzi zinarudi, japo bado hazijapangika.

Dhana: Nimepoteza ladha

Mara nyingi ulimi ni mzima. Weka embe mdomoni huku umebana pua, utapata utamu na uchachu tu. Achia pua, na hapo embe linakuwa embe, kwa sababu harufu yake imepanda kutokea nyuma ya koo. Na ile ramani ya ulimi, utamu mbele na uchungu nyuma, isahau. Kila eneo lenye vionja hupokea ladha zote tano.

Dhana: Harufu ya gesi imeisha, kwa hiyo haivuji tena

Hii inaua. Ubongo huzoea harufu inayodumu na kuacha kuijali ndani ya dakika chache. Gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu, huongezwa merkaptani ili uistukie. Kagua mtungi kwa povu la sabuni, si kwa pua, hasa nyumba ikiwa na mzee au mtu asiyesikia harufu.

Dhana: Marashi ya feromoni humvuta mpenzi

Feromoni ni kemikali ambayo mnyama huitoa kumpa ishara mwenzake. Nondo na panya wanazo, ndiyo. Kwa binadamu hakuna feromoni hata moja iliyothibitishwa. Okoa pesa zako.

Dhana: Nasikia harufu wengine hawaisikii, nina jini

Harufu ya kitu kinachoungua, au ya mzoga, isiyo na chanzo inaweza kutokana na sainasi, kipandauso, au neva za kunusa zilizoumia. Ikija ghafla, ikadumu sekunde chache hadi dakika moja au mbili, ikafuatana na kichefuchefu au kuduwaa, inaweza kuwa kifafa cha upande wa ubongo karibu na sikio, na kifafa kina dawa. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na ufuatane na mtu aliyekuona wakati hali hiyo inakushika.