Kizazi ni nini, na kwa nini "kufungwa kizazi" kunatisha

Shangazi yangu aliambiwa afungwe kizazi baada ya mtoto wa sita, akakataa. Mimba ile ilimtesa, shinikizo la damu lilikuwa juu, na daktari alimweleza wazi kwamba nyingine inaweza kumuua. Akakataa vilevile. Sababu alikuja kumpa mama yangu jikoni, huku akichambua mchele: "Wakishanifunga, damu ya kila mwezi itapitia wapi? Si itanipanda kichwani?" Alidhani kizazi chenyewe kinafungwa kama mdomo wa gunia. Siku ile hospitalini hakuna aliyemwambia kwamba kinachofungwa si kizazi.

Sikumlaumu hata kidogo. Neno lenyewe lina mitego.

Kizazi limetokana na kitenzi zaa, kama uzazi na mzazi. Maana yake ya kwanza, ambayo hata mtoto wa shule anaijua, ni watu wa zama moja: kizazi cha babu zetu, kizazi cha leo. Bongo Flava ilipoanza kupata nguvu iliitwa muziki wa kizazi kipya. Maana ya pili ni uwezo wa kuzaa. Ukisikia mtu anasema "fulani hana kizazi", hazungumzii kiungo chochote, na fulani huyo anaweza kuwa mwanamume. Ndiyo maana mwanamume aliyefanyiwa vasektomi, yaani aliyekatwa mirija ya mbegu, naye husemwa amefunga kizazi, ingawa hana kiungo hicho mwilini. Maana ya tatu ndiyo ya hospitalini: kiungo cha mwanamke ambamo mimba hukaa, ambacho vitabu hukiita pia mji wa mimba, mfuko wa uzazi au uterasi.

Sasa chukua kauli "tutakufunga kizazi". Daktari anakusudia maana ya pili, uwezo. Mwanamke aliyelala kitandani anasikia ya tatu, kiungo. Na nyuma ya zote mbili ipo ile ya kwanza, ukoo wake wote, watoto na wajukuu wasiozaliwa. Ni mzigo mkubwa kwa maneno mawili.

Kiungo chenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa mwanamke asiye na mimba kina urefu wa sentimita 7 au 8 tu, umbo kama pea lililogeuzwa juu chini, na kimekaa kati ya kibofu cha mkojo na utumbo wa haja kubwa. Ni msuli mnene wenye uwazi mwembamba katikati. Sehemu ya chini iliyochongoka, inayochungulia ndani ya uke, ndiyo mlango wa kizazi. Juu, kila upande, unatoka mrija wa sentimita 10 hivi, na ncha yake imechanikachanika kama vidole karibu na ovari, kifuko cha mayai. Ovari ni mbili, kila moja kama lozi kwa ukubwa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, lakini katika maisha yake yanayokomaa na kutoka ni kama 400 tu.

Mrija ni neno zuri hapa. Ni mrija uleule wa kunywea soda au dafu. Madaktari huuita mrija wa falopio, kwa jina la Gabriele Falloppio, Mwitalia aliyeueleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1561. Yai na mbegu hukutana humo ndani ya mrija, wala si ndani ya kizazi. Yai lililorutubishwa huchukua siku tano au sita hivi kabla ya kujipachika kwenye ukuta wa kizazi. Likikwama njiani na kuanza kukua humohumo, hiyo ndiyo mimba ya nje ya kizazi, nayo huweza kupasua mrija na kumwaga damu tumboni hadi mtu apoteze maisha.

Basi "kufunga kizazi" ni kukata, kufunga au kubana mirija hiyo miwili. Yai linaendelea kutoka, halimkuti wa kukutana naye, mwili unaliyeyusha. Hedhi nayo inaendelea kama kawaida, kwa kuwa damu ile ni utando wa ndani wa kizazi unaobanduka, na njia yake ni mlango wa kizazi kisha uke. Mirija haihusiki. Damu haikosi pa kupita na haipandi kichwani. Ningependa kila mhudumu aseme "kufunga mirija" na si vinginevyo. Shangazi alikubali miaka miwili baadaye, siku muuguzi mmoja wa makamo alipomchorea nyuma ya kadi ya kliniki mfuko mmoja na mirija miwili, kisha akakata mirija kwa mistari ya kalamu. "Kumbe ni hivi tu, mwanangu?" Ndivyo alivyosema, na ile kadi anayo hadi leo.

Hofu yake, hata hivyo, ilikuwa na mizizi ndani ya lugha. Kiswahili huzungumza juu ya uzazi kwa kufunga na kufungua. Mwanamke akizaa tunasema amejifungua. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, na wa mwisho ni kitinda mimba. Mkunga akipima anasema njia imefunguka sentimita nne, na wote wodini wanasubiri zitimie kumi. Na asiyepata mtoto, majirani hunong'ona kwamba amefungwa, yaani kuna mkono wa mtu. Kwa masikio yaliyokulia kwenye maneno hayo, kufungwa ni jambo linalofanywa na mchawi usiku. Halafu siku moja mtu mwenye koti jeupe anakwambia atakufunga mchana kweupe, utie saini.

Kuna neno jingine la zamani ninalolipenda kuliko kizazi: mji wa mimba. Wengine hulicheka, wakiwaza Dar es Salaam yenye foleni ndani ya tumbo. Lakini mji, kabla ya kuwa barabara na maghorofa, ulikuwa maskani, mahali palipozungushiwa boma watu wakakaa salama. Ndiyo maana iliyomo katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa, zile kaya zao za msituni. Na ukitaka kuiona kwa macho, chukua kanga uitandaze mkekani. Ukingo unaozunguka pande zote nne ni pindo, maandishi ni jina, na ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo inaitwa mji. Kanga hiyohiyo ndiyo mama hujifunga tumboni akishajifungua, na ndiyo mbeleko ya mtoto. Aliyeita kizazi mji alijua alichokuwa akikisema.

Mimba yenyewe hutungwa, kama shairi linavyotungwa na kama shanga zinavyotungwa uzini. Mpunga nao ukikaribia kutoa masuke mkulima husema umeshika mimba. Na mfuko wa maji unaomzunguka mtoto ni chupa. Chupa ikipasuka, safari ya hospitali imeanza.

Juu ya uke nitasema kidogo, maana ni neno linalosemwa kwa sauti ya chini bila sababu. Katika Kilatini vagina ni ala, kifuko cha kuchomekea upanga, jina lililotolewa kwa kuangalia kitu cha mwanamume. Kiswahili kilichukua shina -ke, la mke na mwanamke, kikatia u-. Uke ni hali ya kuwa mke, na ndiyo uliomo ndani ya neno ukewenza. Ni jina la heshima na la kitabibu kwa wakati mmoja. Neno lile jingine, ambalo limegeuzwa tusi la kumtukania mtu mama yake, limeziba midomo ya watu wengi kiasi kwamba mwanamke anafika kwa daktari na kusema "huku chini" au "chini ya kitovu", na daktari abaki akikisia kama ni kibofu, ovari, kizazi au uke. Matibabu ya kila kimoja ni tofauti.

Mtego mbaya zaidi, kwangu mimi, ni "kusafisha kizazi". Hospitalini maana yake ni kuondoa mabaki baada ya mimba kuharibika, jambo linalookoa maisha kwa kuzuia damu na maambukizi. Mtaani neno hilohilo limebandikwa kwenye chupa za dawa na vipande vya mitishamba vya kuwekwa ukeni, kana kwamba kizazi ni sufuria lenye masizi. Kizazi chenye afya hakina uchafu wa kusafishwa. Kila mwezi hubandua utando wake chenyewe, na uke una bakteria wake wanaoulinda. Vitu vinavyoingizwa humo huua walinzi hao na kuleta michubuko.

Kisha kuna mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, sawasawa na Kilatini, kwa maana cervix ni shingo. Mimi nabaki na mlango, kwa sababu ndio unaofunguka wakati wa uchungu. Karibu saratani zote za hapo husababishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, hubeba takriban asilimia 70. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Na tazama neno linavyofanya kazi tena: mzazi anasikia "chanjo ya mlango wa kizazi", sikio linaacha mlango na kushika kizazi, na uvumi unaanza kwamba mabinti wanafungwa. Chanjo haigusi ovari wala mirija. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi hivyo kabla havijafika.

Kwa mama aliyekwisha pita umri wa chanjo, kipimo kimojawapo ni siki nyepesi, ya aina ileile ya asidi iliyo kwenye siki ya kachumbari. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha hutazama kwa tochi. Penye seli zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Mara nyingi sehemu hiyo hugandishwa au huchomwa kwa joto siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake, na kizazi chake kimebaki mahali pake.