Je, wajua kwa nini neno "run" la Kiingereza lina maana zaidi ya 600?

Asubuhi kambini Barafu, juu ya Mlima Kilimanjaro, mgeni anatoka hemani uso umemsawijika, anamwambia kijana anayesaidia kuongoza msafara: "I've got the runs." Kijana aliyefundishwa kwamba "run" ni kukimbia atadhani mgeni anataka kunyoosha miguu. Kumbe anaharisha, na mlimani hilo si jambo la kulala nalo. Maji yanamtoka mwilini mahali ambapo hewa ni nyepesi na nguvu zenyewe ni za kubahatisha. Kiongozi wa msafara anatakiwa kujua mara moja.

Vijana wengi wa Moshi hujifunza Kiingereza ili wapate kazi ya kuongoza wageni, na neno hili huwasumbua kuliko mengi marefu. Mgeni huyohuyo atasema pua yake "is running", yaani kamasi zinamchuruzika. Simu yake "is running low", chaji inakaribia kwisha. Huko kwao "runs" hoteli, anaiendesha. Na mwakani atarudi kwa ajili ya "the run", zile mbio za Kilimanjaro Marathon zinazokimbiwa Moshi tangu 2003.

Kamusi kubwa ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, ndiyo iliyofanya hesabu. Mhariri wake mmoja, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho kwa miezi 9, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba amefikisha maana 645. Hapo "run" ya nomino haimo. Kabla yake bingwa alikuwa "set", ambayo katika toleo la 1989 ilikuwa na maana kama 430.

Zote hizo zimetoka wapi?

Tuanzie kwetu. Mswahili akitaka kupanua kitenzi hukivalisha kiambishi. Kukimbia kunazaa kukimbiza, kukimbilia, kukimbizana. Kunazaa mkimbiaji wa mbio na mkimbizi wa vita, watu wawili ambao hakuna anayewachanganya. Mwenge wa Uhuru hukimbizwa, haukimbii. Kwenda nako kunazaa kuendesha, na ukishakuwa na kuendesha unaendesha gari, duka, kesi, hata kikao cha harusi.

Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na mbinu ya namna hiyo. Kile cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja: kimoja cha kukimbia au kutiririka, kingine cha kukimbiza, kwa mfano farasi. Karne zilivyopita matamshi yakasogeleana, viambishi vya mwisho vikapukutika, vitenzi vile viwili vikawa kimoja. Wajerumani bado wanavyo viwili, "rinnen" kwa kutiririka na "rennen" kwa kukimbia. Mwingereza amebaki na "run" inayobeba mizigo yote. Farasi "runs", na mwenye farasi naye "runs" farasi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo, ingawa walimu wengi hawapagusi. Humwachia mwanafunzi orodha ya kukariri.

Hiyo maana ya kutiririka ni ya kale mno, na ndiyo iliyozaa nyingine nyingi. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yanayoteremka kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, "run". Bomba lililoachwa wazi, vivyo hivyo. Kutoka kwenye maji si mbali kufika kwenye pua yenye mafua, wala kwenye kitenge kipya kinachochuja rangi kikifuliwa mara ya kwanza. Tumbo la yule mgeni wa Barafu limo humohumo.

Kisha zikaja mashine. Vinu, saa, injini za mvuke na treni vilihitaji kitenzi cha kusema kwamba vinafanya kazi, na Waingereza hawakuunda kipya. Wakachukua "run". Kampuni nazo zikafuata, na siku hizi programu za kompyuta. Maana nyingi za leo ni za kizazi hicho cha vyuma.

Kuna pia vineno vinavyofuata nyuma. Daladala likitoka Moshi kwenda Arusha, "run out of" mafuta ni kuishiwa. "Run into" rafiki stendi ni kukutana naye bila kutarajia. "Run over" mbuzi ni kumkanyaga kwa magurudumu. Sisi tunalijua hilo kupitia "piga": ukipiga simu, pasi, deki au kura, hakuna anayeumia, kwa sababu nomino inayofuata ndiyo inayosema kazi gani inafanyika. Kwa hiyo ukiisikia "run", usiishike peke yake. Angalia nani anatenda, kisha neno gani linafuata.

Na "set", bingwa wa zamani? Nayo ni ya mkondo huohuo. "Sit" ni kuketi, "set" kwa asili ni kuketisha. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, na hii hutumika hasa kwa miti. Mwanafunzi akiikuta kwenye habari za ukataji wa misitu, asidhani kila mara ni "fall" ya wakati uliopita.