Eti ni filamu za kulialia

Busia, upande wetu wa Uganda, kibanda cha video kina ratiba isiyobadilika: vita, mpira, vita tena. Siku moja nilimpelekea mwenye kibanda filamu ya Steel Magnolias. Akatazama jalada, akaona wanawake sita, akanirudishia. "Dada, hizo za kulialia mkaangalie huko saluni." Tukaiangalia saluni kweli, na tangu hapo sijaacha kubishana na watu kuhusu filamu hizi za wanawake, zinazochekesha na kuliza kwa pamoja.

Hilo la "kulialia" ndilo kosa kubwa. Filamu hiyo ya 1989 inawakutanisha majirani saluni, katika mji mdogo wa Louisiana, na wanaanza kuchambana kabla hata nywele hazijalowa. Bibi harusi, Shelby, ana kisukari. Anazaa ingawa daktari alimwonya, figo zinashindwa, mama yake anampa figo yake moja, na bado binti anafariki. Makaburini mama analipuka: anataka kumpiga mtu, yeyote, aumie kama anavyoumia yeye. Basi rafiki mmoja anamsukuma mbele mwanamke mkorofi kuliko wote pale mjini: haya, mpige huyu! Tulicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Aliyewahi kukesha matangani hashangai, maana huko nyuma kwenye masufuria, wanawake wakimenya matoke, ndiko vichekesho vinakokuwa vikali.

Katikati ya filamu mteja mmoja akauliza, msichana mdogo hivyo kisukari kakitoa wapi, au alipenda soda? Wengi huamini hivyo. Aina aliyokuwa nayo Shelby haitokani na sukari wala uzee: kinga ya mwili yenyewe huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mara nyingi mtu akiwa bado mtoto au kijana. Bila insulini mtu hawezi kuishi.

Halafu kuna wanaosema filamu hizi huandikwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Steel Magnolias iliandikwa na mwanamume, Robert Harling, kwanza kama tamthilia ya 1987, baada ya dada yake kufariki kwa maradhi hayohayo mwaka 1985. Na Waiting to Exhale ya 1995, ile ya marafiki wanne Weusi wa Phoenix, Arizona? Riwaya ni ya Terry McMillan, mwanamke, lakini aliyeiongoza ni Forest Whitaker. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja Uganda kuigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, akajifunza na Kiswahili, akapata Oscar. Mwanamume akinipinga kibandani, hilo jina ndilo ninalomtupia kwanza.

Wanasema pia hazina soko. Bridesmaids ya 2011, kichekesho cha wasimamizi wa bibi harusi, iligharimu kama dola milioni 32, ikaingiza zaidi ya milioni 280 duniani. Tuendelee.

Lililobaki ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Steel Magnolias yenyewe ilitengenezwa upya kwa televisheni mwaka 2012, waigizaji wakuu wakiwa Weusi, Queen Latifah akiwa mama, na hadithi haikupwaya popote. Ila mbona twende mbali? Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair, ilipigwa Katwe penyewe, mtaa wa Kampala. Watu huiita filamu ya sataranji (chess). Mimi naona sataranji ni kisingizio tu. Moto wake uko kwa mama, Nakku Harriet, anayechezwa na Lupita Nyong'o, na mabinti zake wawili: Phiona, bingwa wa sataranji, anayemtoroka kwa akili, na Night anayemtoroka kwa mwanamume mwenye pikipiki. Mama anafoka, anafukuza, kisha anakesha akisubiri. Na inachekesha, kwa sababu wale watoto wa Katwe hawana adabu hata kidogo.

Mwenye kibanda wetu aliionyesha hiyo mara tatu. Ubaoni aliandika: MCHEZO MKALI, BINGWA WA UGANDA. Wanaume walijaa mpaka mlangoni.