Kaktasi ni ukoo, si umbo

Juzi nilisimama kwenye vitalu vya miche kando ya barabara hapa Arusha, nikitafuta kitu cha kuweka dirishani. Kijana muuzaji akanipangia vikopo vinne mbele yangu. "Mama, zote hizi ni kaktasi. Mimea ya jangwani, haitaki maji kabisa." Cha kwanza kilikuwa na alovera. Cha pili kilikuwa na ule mti wa miiba na vijiua vyekundu ambao kwao ni Madagaska. Cha tatu kilikuwa na mnyaa, mnyaa huu huu wa uzio! Cha nne tu ndicho kilichokuwa na kaktasi, mviringo kama ngumi ya mtoto.

Si yeye peke yake. Nimeshalisikia kosa hilo kwa mafundi bustani, kwa walimu, hata harusini pale ukumbi ulipopambwa kwa alovera. Basi tuelewane.

Kaktasi ni mmea wa ukoo ambao wataalamu wanauita Cactaceae, wenye spishi zaidi ya 1,500, na asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Kanada hadi kusini ya Argentina. Maana yenyewe imeishia hapo. Ona kwamba haikutaja jangwa wala miiba.

Kamusi zinatupa "dungusi kakati", ila sijawahi kumsikia muuza miche akilitamka. Kaktasi tumelipokea kwa Waingereza, nao walilitoa kwenye Kilatini, na Kilatini kikalitoa kwenye Kigiriki. Hapo ndipo hadithi inaponigeuka mwenyewe. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki Theophrastus aliandika habari za kaktos, mmea wa miiba wa kisiwa cha Sicily ambao watu waliula bua lake. Huo haukuwa kaktasi hata kidogo. Inaaminika ulikuwa jamii ya mbaruti, ndugu wa artichoki. Kaktasi halisi zilikuwa ng'ambo ya bahari, na Mgiriki huyo hakupata kuziona. Ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, aliyelichukua jina hilo la zamani akalibandika kwenye mimea ya Amerika. Kwa hiyo ukitaka kumtetea yule kijana, sema kwamba naye kafanya alichofanya Linnaeus: kaona miiba, kaita kaktasi. Nakubali. Tofauti ni kwamba tangu hapo neno limeshapata mwenyewe, na huyo mwenyewe anatambulika kwa alama.

Alama yenyewe ni kidoto. Tazama mwiba wa kaktasi unapoanzia: utakuta kidoto chenye manyoya laini kama sufi, na miiba inatoka humo kwa kundi. Maua nayo hutokea humo. Sasa nenda kwenye ile miti mikubwa ya porini yenye matawi kama kinara cha mishumaa, ambayo kila mgeni anaipiga picha akidhani kaona kaktasi ya Afrika. Miiba yake imekaa miwili miwili, na sufi hakuna. Ukiikwaruza inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Hiyo ni jamii ya mnyaa. Imefanana na kaktasi kwa sababu ukame ni ule ule: majani yamepotea, shina limenenepa likahifadhi maji. Mnyaa wenyewe wala hauna miiba, kwa hiyo hata kisingizio cha miiba hakipo.

Na kuna kaktasi moja tu iliyofika Afrika bila kupandwa na mtu, Rhipsalis baccifera. Haikai jangwani. Inaning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, hapa Tanzania ikiwemo, na ikikomaa kwa kawaida haina miiba.

Kuhusu maji, "haitaki kabisa" si kweli, ingawa maji yakizidi ndiyo yanayoua kaktasi nyingi za dirishani. Inataka maji ya kutosha, kisha udongo ukauke wote kabla ya kumwagilia tena. Changanya udongo na changarawe nusu kwa nusu, chungu kiwe na tundu chini, na wakati wa masika uiweke chini ya paa, maana mvua za Aprili zitaiozesha mizizi. Juni na Julai, baridi ikikolea, punguza zaidi. Walioko Moshi, kwenye joto, watamwagilia mara nyingi kidogo kuliko sisi.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mnyaa una jina. Ziwa Manyara, kwa wanavyoeleza Wamaasai, limeitwa kwa mmea huo, emanyara, wanaoupanda kuzungushia boma. Kisha tunauweka kwenye kikopo na kuuza kwa jina la mgeni. Na lina hatari yake: kaktasi ikikuchoma unang'oa mwiba yakaisha, lakini utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Nilinunua kile cha nne. Kabla sijaondoka nikamwambia, mwanangu, huu wa tatu uite mnyaa tu, na ukimkatia mteja tawi, mwambie anawe mikono kabla hajajifuta uso.