Panga njia ya upepo kabla ya kuchimba msingi

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa katika ukanda wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, zina kuta imara, milango ya mbao ngumu na nondo madirishani. Usiku unapoingia, wenyewe wanabaki barazani mpaka saa sita kwa sababu chumba hakilaliki. Aliyelala kwenye joto hilo anaona neti inamnyima hewa, anaikunja. Mbu aliyepenya chini ya mlango anapata mwili ulio wazi. Mtoto akiamka na homa, lawama zinaenda kwenye dimbwi la jirani, na kumbe nusu ya kosa ilifanyika siku ramani ilipochorwa.

Joto, mbu, moshi, unyevunyevu na maambukizi ya kifua huzungumzwa kama mambo matano tofauti. Kwa anayejenga pwani, yote yanarudi kwenye swali moja la kujibu kabla jembe halijagusa ardhi: hewa itaingilia wapi, itapita wapi, na itatokea wapi? Kulijibu mapema hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Kulijibu baada ya kupaua ni kubomoa.

Kiwanja, jua na pepo mbili

Pepo za pwani zinajulikana tangu enzi za majahazi. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini-mashariki. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba ikitokea kusini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo choo, jiko la mkaa au kuni, jenereta na shimo la taka vikae upande wa magharibi wa kiwanja, ili moshi na harufu vipeperushwe mbali na vyumba. Ukiviweka mashariki, mwaka mzima upepo utavileta kitandani.

Jua nalo linataka hesabu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huhamia kusini, kiasi cha nyuzi 17 tu. Kuta za kaskazini na kusini basi hupigwa na jua la juu, na jua la juu huzuilika kwa upenu. Dirisha la kimo cha mita 1.2, ambalo linta yake (boriti ya juu ya dirisha) iko sentimita 30 chini ya upenu, linahitaji upenu wa takriban sentimita 90 upande wa kaskazini na 45 upande wa kusini ili jua lisiingie saa sita. Weka 90 pande zote, kwa kuwa mvua ya masika huja ya kuinama na upenu mfupi hauikingi.

Kuta za mashariki na magharibi hazikingiki kwa upenu, maana jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini. Dawa yake ni kuulaza urefu wa nyumba mashariki hadi magharibi, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua hilo. Upande wa magharibi weka stoo, bafu au veranda, na nje yake panda mti. Chumba cha kulala chenye ukuta wa magharibi ulio uchi hunyonya joto jioni nzima na kulirudisha ndani usiku.

Hapa ndipo mtindo wa kuficha bati unapoleta hasara. Ukuta unapopandishwa juu ya paa ili bati lisionekane, upenu unatoweka. Jua linapiga ukuta na vioo bila kizuizi, mvua inatiririka ukutani, na maji ya paa yanategemea mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, ambao majani yakiuziba hujaa na kumwaga ndani. Kama moyo umeshikilia mtindo huo, basi jenga vibao vya zege vya sentimita 60 hadi 90 juu ya kila dirisha, na uache nafasi ya mtu kupanda kusafisha mfereji kabla ya vuli na kabla ya masika.

Dirisha kubwa linaloachia nusu

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni dirisha la alumini la kusukuma. Linapendeza, bei yake inashikika, lakini likiwa wazi kabisa huachia nusu tu ya eneo lake. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.6, yaani mita za mraba 10.8. Dirisha la kusukuma la mita 1.2 kwa 1.2 linaachia mita za mraba 0.72, chini ya asilimia 7 ya sakafu. Funika nafasi hiyo kwa wavu wa mbu, unaopunguza zaidi mwendo wa upepo, na utaelewa kwa nini feni haipumziki.

Kwa pwani tunashauri uwazi halisi wa asilimia 15 ya sakafu au zaidi, na usiwe wa ukuta mmoja. Dirisha la mabawa yanayofunguka nje, lenye kipimo kilekile cha mita 1.2 kwa 1.2, huachia takriban mita za mraba 1.44. Ongeza uwazi wenye wavu juu ya mlango, upana sentimita 90 na kimo sentimita 40, unapata 1.8, karibu asilimia 17 ya sakafu. Dirisha la luva, lenye vipande vya vioo vinavyoinamishwa, nalo linafaa: huachia karibu eneo lake lote hata mvua inaponyesha, ingawa vioo vyake vinahitaji nondo imara kwa ndani.

Uwazi huo wa juu ya mlango ndio uhai wa nyumba ya Kiswahili ya mjini, ile yenye korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Kila chumba chake kina dirisha moja, na upepo usio na pa kutokea hauingii. Ukitoboa juu ya milango, hewa huingia dirishani, hupita chumbani, huingia koridoni na kutokea uani. Faragha inabaki, kwa sababu tundu liko juu ya kimo cha mtu. Kwa nyumba ya kupangisha, ambamo familia nzima hulala chumba kimoja, jambo hili ni zito zaidi: vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani baada ya mgonjwa kukohoa, na hewa inayobadilishwa mara kwa mara huvipunguza.

Kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala kiwe chini, sentimita 60 hadi 80 kutoka sakafuni, ili upepo umfikie aliyelala, usipite juu yake. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, mtoto asipenyeze kichwa.

Bati na dari

Bati jeusi, la maruni au la kijani kibichi hunyonya jua. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua angani. Unaponunua bati la msauzi, uamuzi wa rangi unafanywa kwa dakika mbili dukani na unaishi nao miaka thelathini. Dari iwe mita 3 kutoka sakafuni. Nafasi kati ya dari na bati nayo ipate hewa: acha matundu yenye wavu chini ya upenu na mengine juu kwenye pembetatu za kuta, ili hewa moto itoke. Dari ya jipsamu iliyozibwa pande zote chini ya bati jeusi hugeuka kifuniko cha sufuria.

Mbu anaingilia wapi

Mbu wa malaria hupenda kuingilia kwenye upenyo kati ya kichwa cha ukuta na paa. Hufuata ukuta akipanda, kisha anajikuta ndani. Mafundi wengi huziba upenyo huo kwa mota. Mbu anapungua, joto linaongezeka, na neti inakunjwa. Ziba kwa wavu. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa dari ya wavu peke yake ilipunguza mbu ndani ya nyumba kwa takriban nusu, na upungufu wa damu kwa watoto ulishuka. Nyumba yenye hewa ina faida nyingine: mbu humtafuta mtu kwa kufuata kaboni dayoksaidi anayopumua, na mahali penye upepo gesi hiyo hutawanyika.

Kimo nacho kinasaidia, kwa kuwa mbu wa malaria wengi huruka karibu na ardhi. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za majaribio zenye ghorofa moja, vyumba vya kulala vikiwa juu na kuta zikipitisha hewa. Kama unajenga ghorofa, walaze watoto juu.

Wavu uwe wa faiba iliyopakwa plastiki au wa alumini. Wa chuma huliwa na hewa ya chumvi. Matundu 16 hadi 18 kwa inchi yanatosha. Matundu madogo zaidi yanazuia upepo bila sababu. Ufunge kwenye fremu inayotoka, uoshwe kila miezi michache, maana vumbi huuziba. Mlango wa wavu ufunguke kwenda nje na uwe na springi ya kujirudisha. Chini ya mlango piga ukanda wa mpira. Funika pia kwa wavu bomba la hewa la karo (shimo la maji ya choo). Humo ndimo huzaliwa mbu wa usiku wanaoeneza matende.

Dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na mbu wa mchana anayezaa kwenye maji masafi yaliyotulia: pipa lisilo na kifuniko, mfereji wa bati uliolegea, kisahani cha chungu cha maua. Yai hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10 hivi, hivyo kusugua pipa kila wiki kunakata mzunguko. Mfereji wa paa upewe mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita.

Jiko

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyotokana na moshi wa kupikia majumbani. Tanzania ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Mpaka hapo, wengi bado wanatumia mkaa, na hatari yake imejificha kwa sababu hauna moshi mwingi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, hata likiwa limebaki makaa tu. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya, tabia hii huua watu usingizini. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala veranda.

Jiko la kuni au mkaa liwe na madirisha kuta mbili na tundu la juu kabisa la kutolea moshi. Gesi ya mtungi inataka kinyume: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Acha tundu la sentimita 15 kwa 15 usawa wa sakafu kwenye ukuta wa nje, na ikiwezekana mtungi ukae nje kwenye kizimba chenye kufuli.

Unyevu unaopanda

Rangi inayobanduka na unga mweupe chini ya ukuta si kasoro ya rangi. Ni maji ya ardhini yanapanda, au mchanga wa ufukweni wenye chumvi uliotumika kwenye mota. Ukuta wa namna hiyo huota ukungu, na ukungu huamsha pumu. Jamvi (zege la sakafu) liinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, chini yake mawe yaliyoshindiliwa sentimita 15, juu ya mawe mchanga kidogo, kisha plastiki nzito ya unene wa milimita 0.25 iliyopishana sentimita 30 kwenye maungio. Juu ya msingi, kabla ya kupandisha ukuta, laza utepe wa kuzuia unyevu kuzunguka nyumba nzima. Fundi akipiga plasta ya nje kuvuka utepe huo mpaka ardhini, ameyapa maji daraja. Simama naye siku hiyo.

Karo na shimo la maji machafu vikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Jamvi lililoinuka linahitaji njia kwa mzee na mwenye kiti cha magurudumu: sentimita 45 za kimo zinataka mteremko wa urefu wa mita 5.4. Mlango wa bafu uwe na uwazi wa sentimita 90, na sakafu yake vigae vya kukwaruza; vile vinavyong'aa ndivyo vinavyovunja nyonga za wazazi wetu. Msisahau baraza. Benchi la zege la kina cha sentimita 50 chini ya upenu linagharimu kidogo, nalo ndilo linalompa mzee watu wa kuzungumza nao kila jioni. Uani nako msifunike kila mahali kwa bloksi za zege; udongo wenye kivuli hupoa mapema usiku, zege huchelewa kupoa.

Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, anza na matundu ya juu ya milango, kisha wavu wa upenyo, kisha madirisha, moja baada ya jingine kadiri fedha inavyopatikana. Kabla ya kumwita fundi, pima kwa udi. Saa tatu usiku zima feni, fungua madirisha, weka chetezo katikati ya chumba. Moshi ukiinama upande mmoja na kutoka, njia ipo. Unachohitaji ni kuilinda kwa wavu. Moshi ukipanda wima na kutanda darini, fungua mlango uangalie tena. Ukianza kuelekea koridoni, hapo juu ya mlango ndipo pa kutoboa.